Nyumba Inayosaga: Utangulizi wa Vinu vya Maji vya Uingereza

Kabla hatujafika Uingereza, tuanzie kwenye neno lenyewe, maana ndilo litakalokutatiza kwanza. Ukimtajia mtu wa Pwani kinu, ataona gogo lililochimbwa tumbo na mchi umesimama ndani yake. Mtu mzima wa Zanzibar au Lamu anaweza pia kukumbuka kinu cha kukamulia mafuta, ngamia akikizunguka kutwa nzima. Kinu ninachotaka kukuonyesha ni cha ukoo mwingine. Mchi hutwanga: hupanda, hushuka, hupiga. Kinu cha maji husaga, na jamaa yake wa karibu katika nyumba zetu ni kijaa, yale mawe mawili ya duara yaliyolaliana, la juu likiwa na tundu katikati na kijiti cha kushikia pembeni. Mkono mmoja unatia nafaka tunduni, mwingine unazungusha, na unga unamwagika ukingoni pande zote. Kama umewahi kukaa nyuma ya kijaa hata kwa robo saa, nusu ya somo hili unayo tayari mabegani.

Nusu iliyobaki ni kuelewa jinsi watu wa nchi yenye mvua na mito mingi midogo walivyomwondoa mtu kwenye kijiti kile wakauweka mto mahali pake. Nakuonya mapema kuhusu kosa moja ambalo mimi mwenyewe nililifanya. Tumezoea kutazama jengo la kale kwa kuanzia nje: kuta, paa, madirisha, mapambo. Nilipoingia kinu cha maji kwa mara ya kwanza nilifanya hivyohivyo. Nikaandika kurasa mbili kuhusu matofali, nikajigonga kichwa kwenye boriti, nikatoka bila kuelewa chochote. Kinu cha maji ni mashine iliyovikwa nyumba. Kila ghorofa iko ilipo kwa sababu ya jambo linalotendeka ndani, na ukianza na jambo hilo kuta zitajieleza zenyewe.

Basi tuanze na mawe.

Jiwe la kinu cha Kiingereza lina upana wa kama mita 1.2, na likiwa jipya hufika uzito wa karibu tani moja. Mawe hufanya kazi mawili mawili, nasi tutasema "jozi". Jiwe la chini halisogei. La juu huzunguka, limebebwa katikati na ncha ya chuma iliyopenya kutoka chini kupitia tundu la jiwe la chini, likielea juu ya mwenzake bila kumgusa. Hapo ndipo wageni wengi hushangaa. Mawe hayasuguani. Yakisuguana hutoa cheche, na cheche ndani ya nyumba ya mbao iliyojaa vumbi la unga ni msiba, kwa sababu vumbi hilo likiwa hewani linaweza kulipuka. Nafasi kati ya mawe ni pana kidogo karibu na katikati, ambako punje nzima huingia, kisha hupungua kuelekea ukingoni hadi kufikia unene wa karatasi nyembamba. Punje hupasuliwa kwanza, kisha husagwa, kisha hulainishwa, yote katika safari moja ya kutoka tunduni hadi ukingoni.

Ukibahatika kuliona jiwe limepinduliwa, uso wake utautambua mara moja kwa mifereji iliyochongwa kutoka katikati kwenda nje, ikiwa imelala mshazari. Mawe yote mawili huchongwa kwa ruwaza moja. Lakini yanapoangaliana, mifereji ya la juu hukatana na ya la chini, na jiwe linapozunguka makutano hayo hukimbia kuelekea nje kama ndimi za mkasi unaofungwa. Mifereji hiyo hukata, hupitisha hewa ili unga usipate joto, na husukuma unga nje. Baada ya wiki kadhaa za kazi huwa butu. Hapo jiwe la juu hunyanyuliwa kwa winchi, likalazwa chali, na fundi hulala ubavu juu ya gunia la pumba akaanza kulichonga upya kwa tindo ya chuma yenye mpini wa mbao, pigo kwa pigo, kwa siku kadhaa. Vipande vidogo vya chuma viliruka kutoka kwenye tindo vikazama katika ngozi ya mikono yake na kubaki humo maisha yote, madoa ya buluu nyuma ya viganja. Fundi mgeni alipokuja kuomba kazi, mwenye kinu alimtazama mikono kwanza.

Mawe yenyewe hayakuwa ya aina moja. Ya bei nafuu yalitoka vilima vya Derbyshire, katikati ya Uingereza. Ni mawe ya mchanga mgumu, mazuri kwa shayiri na chakula cha mifugo. Kwa unga mweupe wa ngano Waingereza waliagiza mawe Ufaransa, hasa kutoka La Ferté-sous-Jouarre, mji ulio mashariki ya Paris. Jiwe la huko lina asili ya kwatzi, gumu kupita kiasi na lenye vitundu vidogo vyenye makali. Vipande vikubwa vilikuwa adimu, kwa hiyo jiwe moja liliundwa kwa vipande vingi vilivyounganishwa kwa plasta na kufungwa pete za chuma, kama pipa. Ukiona jiwe lenye viungo usidhani limevunjika likatengenezwa. Hilo ndilo lililokuwa ghali kuliko yote ndani ya jengo.

Sasa tuletee mawe hayo nguvu.

Mto ukiuacha ulivyo hauna faida kubwa kwa mwenye kinu. Anachohitaji ni anguko, yaani tofauti ya kimo kati ya maji kabla ya gurudumu na maji baada yake. Sehemu kubwa ya Uingereza ni tambarare, mito yake inatembea polepole, na anguko la mita moja au mbili lilikuwa mali ya kugombaniwa mahakamani. Ili kulipata, wajenzi waliuzuia mto kwa ukuta mfupi, wakachimba mfereji wa kuleta maji kandokando ya bonde kwa mteremko mdogo kuliko wa mto wenyewe. Baada ya mita mia kadhaa mfereji unajikuta uko juu ya mto. Hapo ndipo kinu husimama, na maji hushuka kupitia kwake kurudi mtoni. Kwa maana hiyo kinu huanza mbali na mlango wake. Lile bwawa tulivu lenye mabata, ambalo wapiga picha hulipenda, lilichimbwa kwa jembe, nalo ni ghala: huhifadhi maji ya usiku kwa kazi ya mchana.

Magurudumu ya maji yaliyosimama wima ni ya namna tatu kuu. Majina nitakayoyatumia ni ya kueleza tu, ili tusipoteane. La kwanza ni la maji ya chini: mkondo hupita chini ya gurudumu na kusukuma mbao zake, kama mtu anayesukuma mlango. La pili ni la maji ya juu: mfereji huja juu kabisa ya gurudumu na kujaza ndoo zilizopangwa mzingo mzima, na uzito wa maji ndani ya ndoo ndio huliteremsha. La tatu ni la maji ya kifuani, ambalo maji huliingia kwenye usawa wa mhimili wake au karibu na hapo; nusu husukuma, nusu hulemea. (Mhimili ni lile gogo nene, au chuma, linalopita katikati ya gurudumu na kuzunguka pamoja nalo.)

Utauliza: lipi bora? Kwa karne nyingi mafundi walibishana bila kupima. Ndipo mhandisi John Smeaton akatengeneza gurudumu dogo la majaribio, akapima uzito wa maji yaliyoingia na uzito ambao gurudumu liliweza kunyanyua, na mwaka 1759 akayasoma matokeo mbele ya Jumuiya ya Kifalme, chama cha wanasayansi cha London. Gurudumu la maji ya juu lilitumia kama thuluthi mbili za nguvu ya maji. La maji ya chini lilifikia kama nusu tu ya kiwango hicho, kwa sababu maji yanayogonga ubao hutapakaa, na nguvu iliyotapakaa hairudi. Mimi nalihesabu jaribio hilo kuwa mojawapo ya mambo mazuri katika historia ya uhandisi: kifaa cha kuweka mezani, vipimo vya uangalifu, na ubishi wa karne ukakatwa. Hata hivyo usiharakishe kumcheka mwenye kinu aliyebaki na gurudumu la maji ya chini. Kama mto wake haukuwa na anguko, hakuwa na lingine la kuchagua.

Tufike kwenye gia, mahali ambapo wasomaji wengi huanza kusinzia. Vumilia kidogo, kwani ni rahisi kuliko zinavyoonekana. Gurudumu la maji huzunguka polepole, labda mara 8 au 10 kwa dakika. Jiwe linatakiwa lizunguke kama mara 120. Isitoshe, mhimili wa gurudumu umelala, wakati mhimili wa jiwe lazima usimame. Kwa hiyo kuna kazi mbili: kugeuza mwelekeo na kuongeza mwendo. Mwisho wa mhimili uliolala, ndani ya jengo, kuna gurudumu kubwa la meno ambalo nusu yake imezama katika shimo. Tuliite gurudumu la shimoni. Hilo hushikana na gia ndogo iliyofungwa kwenye nguzo kubwa inayozunguka, na hapo mwelekeo umegeuka na mwendo umeongezeka mara tatu au nne. Juu kidogo kwenye nguzo ileile kuna gurudumu kuu, pana na limelala bapa, ambalo meno yake huzungusha gia ndogo zilizolizunguka, kila gia na jozi yake ya mawe. Mwendo huongezeka tena kama mara nne. Tatu na nusu mara nne ni kumi na nne. Ndiyo hesabu yote. Ukitaka kupumzisha jozi moja, gia yake hunyanyuliwa isishikane na gurudumu kuu, na nyingine zinaendelea.

Sogea karibu uyatazame meno. Katika vinu vingi vilivyofanyiwa ukarabati karne ya 18 na 19 utakuta gurudumu moja ni la chuma cha kuyeyushwa, na linaloshikana nalo lina meno ya mbao, mara nyingi ya mtufaha, yaliyopachikwa moja moja kwenye matundu. Ubahili haukuwa sababu. Mbao juu ya chuma haipigi kelele kama chuma juu ya chuma, haitoi cheche, na jambo likiharibika jino la mbao ndilo huvunjika, nalo hubadilishwa jioni moja.

Kisha hesabu meno. Fundi mwerevu hakuweka 96 kwenye gurudumu kubwa na 24 kwenye gia ndogo, ingawa hesabu hiyo inavutia. Kwa mpango huo kila jino lingekutana na jino lilelile katika kila mzunguko, na kasoro moja ndogo ingechimba mahali pamoja mpaka ilete hasara. Aliweka 97. Kwa jino hilo moja la ziada, meno mawili yaliyokutana leo hayakutani tena mpaka gurudumu kubwa lizunguke mara 24, na katikati ya hapo kila jino limeshagusana na kila jino. Uchakavu umegawanywa sawasawa. Mtu aliyeligundua hilo hatumjui jina.

Sasa tunaweza kuitazama nyumba.

Lifuate gunia. Nafaka hufika kwa mkokoteni au mashua. Juu kabisa, ukutani, utaona kibanda kidogo kilichochomoza nje kama uso wa ng'ombe anayechungulia. Ndani yake hushuka mnyororo. Nguvu ya kunyanyua ni ya gurudumu lilelile la maji: mtu huvuta kamba, mkanda unakazika kwenye ngoma, gunia linapaa. Kama mnyororo unapita ndani, kila sakafu ina mlango wa mabawa mawili wenye bawaba za ngozi. Gunia huusukuma kwa kichwa, hupita, na mabawa huanguka yenyewe nyuma yake. Hivyo hakuna shimo wazi la kumtumbukiza mtu. Ghorofa ya juu ni ya mapipa makubwa ya nafaka. Ya katikati ni ya mawe. Ya chini ni ya unga. Kitu kizito kinapandishwa mara moja tu, kwa nguvu ya bure, kisha kinashuka chenyewe hatua kwa hatua. Ndiyo sababu kinu ni kirefu kuliko nyumba za jirani, na ndiyo sababu madirisha yake ni madogo na yamepangwa bila kujali uzuri wa uso wa jengo.

Katika ghorofa ya mawe, nafaka huingia kwenye bakuli la mbao lenye umbo la piramidi iliyopinduliwa, kisha kwenye kihori kidogo kinachoinama kuelekea tundu la jiwe. Kijiti cha chuma chenye pembe kinazunguka pamoja na jiwe na kukigonga kihori, tak-tak-tak, ili punje zidondoke. Jiwe likienda kasi, kinagonga kwa kasi na nafaka inashuka kwa wingi. Likipunguza mwendo, nafaka nayo inapungua, bila mtu kugusa kitu. Wasaga unga wa Kiingereza walikiita kijiti hicho "binti", eti kwa kuwa hakinyamazi, utani wa wanaume waliofanya kazi peke yao mno. Na kuna kengele. Mkanda wa ngozi umelala chini ya nafaka ndani ya bakuli, umebanwa na uzito wake. Nafaka ikikaribia kuisha mkanda hulegea, kengele inashuka na kuanza kulia, mwenye kinu anakimbia kuja kabla mawe hayajabaki matupu.

Sasa piga magoti chini ya ghorofa ya mawe. Utaona magogo manene ya mwaloni yaliyoungana kama kitanda cha jitu, yamebeba mawe na gia zote. Hilo nitaliita jukwaa la mashine. Lichunguze linapokaribia ukuta: katika kinu kilichojengwa vizuri haliugusi, au linaugusa kwa kiasi kidogo sana. Tani kadhaa za mawe yanayozunguka hutikisa, na mtikiso ukiingia ukutani chokaa hupukutika na viungo huachana. Kwa hiyo wajenzi walisimamisha jengo ndani ya jengo. La ndani linatikisika. La nje linakinga mvua na kubeba nafaka. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri ya usanifu huu, na pia ndipo penye mtego kwa wanaopenda kutaja tarehe. Mahali, kuta na mashine kila kimoja kina umri wake. Chukua Houghton, kwenye mto Great Ouse, Cambridgeshire. Kumbukumbu za kinu mahali hapo zinarudi hadi mwaka 974, kilipotolewa kwa monasteri ya Ramsey. Jengo unaloliona leo ni changa kwa karne nyingi. Mtu akikwambia "kinu hiki ni cha mwaka 974", muulize: kipi?

Historia yenyewe ni ndefu. Warumi walikuwa na vinu vya maji Uingereza. Huko Tamworth wachimbuaji wa mambo ya kale walipata kinu cha karne ya 9 ambacho gurudumu lake lililala bapa ndani ya maji na kuzungusha jiwe moja kwa moja, bila gia. Mwishoni mwa 1085 Mfalme William, aliyeiteka nchi karibu miaka 20 kabla, aliamuru mali zote ziorodheshwe, na kazi ikafanyika mwaka 1086. Katika orodha hiyo, inayoitwa Kitabu cha Domesday, kuna vinu karibu 6,000. Vinu vya upepo vilikuwa havijafika Uingereza, kwa hiyo karibu vyote vilikuwa vya maji.

Mbona mfalme alitaka kuvihesabu? Kwa sababu kinu kilikuwa chombo cha kukusanyia kodi. Bwana wa ardhi ndiye aliyekuwa na fedha za kukijenga, naye mara nyingi aliwalazimisha wakulima wake kusaga kwake. Malipo yalikatwa kwenye nafaka yenyewe, mara nyingi sehemu moja kati ya 16. Kijaa cha nyumbani, kile tulichoanza nacho, mahali pengi kikawa kitu kilichokatazwa. Mwaka 1331 Abati Richard wa Wallingford, mkuu wa monasteri ya St Albans kaskazini ya London, alifaulu kuwanyang'anya wenyeji vijaa vyao, akayatandika mawe yake kuwa sakafu katika chumba cha monasteri. Mtu huyo alikuwa mwanahesabu na mnajimu hodari, aliyebuni saa ya ajabu ya kuonyesha mwendo wa nyota. Watu wachache wa zama zake walielewa meno na gia kama yeye. Miaka 50 ikapita. Mwaka 1381 wakulima wa Uingereza walipoasi, watu wa St Albans waliingia monasteri, wakaing'oa sakafu ile, wakavunja mawe na kugawana vipande. Mwandishi wa matukio wa monasteri alisema waligawana kama mkate mtakatifu unavyogawanywa kanisani Jumapili. Wengi wa waliochukua vipande walikuwa hawajazaliwa mawe yalipoporwa.

Nimekuwekea mwishoni aina ya kinu ambayo msomaji wa Pwani ataielewa upesi kuliko mwanafunzi Mwingereza wa bara: kinu cha maji ya bahari. Wewe unajua kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu. Sina haja ya kukueleza kwa nini wavuvi hawaondoki saa ileile kila siku. Chukua hori linaloingia nchi kavu, lizibe kwa boma lenye malango ya mbao. Maji yakijaa, yanasukuma malango na kuingia bwawani. Yakianza kupwa, maji ya bwawani yanasukuma malango kutoka ndani na kuyafunga. Hakuna mtu aliyegusa kitu. Subiri mpaka maji ya nje yashuke chini ya gurudumu, kisha fungulia bwawa polepole, na una saa kadhaa za kusaga hadi bahari irudi. Ufundi huu ni wa zamani sana. Huko Ebbsfleet, Kent, yalipatikana mabaki ya kinu cha namna hiyo ambacho mbao zake, kwa kuhesabu pete za miti, zilikatwa mwaka 691 au 692.

Kikubwa kilichosalia kiko London mashariki, Bromley-by-Bow, mahali paitwapo Three Mills, ambako mto Lea ulikuwa ukipanda na kushuka pamoja na kujaa na kupwa kwa mto Thames. Kinaitwa House Mill, kinu cha nyumba, kwa kuwa kilisimama kati ya nyumba mbili za mwenye kinu na watu wake. Daniel Bisson alikijenga mwaka 1776 juu ya maji yenyewe, na kilikuwa miongoni mwa vinu vikubwa zaidi vya aina yake duniani: magurudumu manne, jozi 12 za mawe. Sasa unajua pa kutazama. Upande wa uani uso wake ni wa matofali, umenyooka na una heshima ya mfanyabiashara wa London. Zunguka nyuma ukute mbao. Jengo zima ni fremu ya mbao iliyovaa koti la matofali upande ambao wateja waliuona.

Nafaka nyingi iliyosagwa hapo haikuwa mkate kamwe; ilikwenda kwa watengenezaji wa jini, ile pombe kali ambayo London ya karne ya 18 iliinywa kwa wingi wa kutisha. Kampuni ya Nicholson iliyashika majengo hayo tangu 1872. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia mkemia Chaim Weizmann, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Israeli, alitumia mitambo ya jini ya hapo kujaribu njia yake ya kupata asetoni kwa kuchachusha nafaka, kemikali iliyohitajika kwa baruti ya mizinga. Mwaka 1941, baada ya mabomu ya Wajerumani kuharibu majengo ya jirani, kusaga kulikoma.

Wakati huo vinu vingi vya mashambani vilikuwa vimenyamaza zamani. Kilichoviua hasa kilikuwa rola. Kuanzia miaka ya 1870 na 1880 viwanda vipya vilijengwa bandarini, Liverpool, Hull, London, kupokea ngano ngumu ya Amerika Kaskazini, na ndani yake rola za chuma zilichambua punje tabaka kwa tabaka hadi kutoa unga mweupe pe. Tofauti yake na unga wa mawe utaielewa ukiweka mbele yako sahani ya sembe na sahani ya dona. Kiini cha punje, chenye mafuta, hutolewa. Unga unakaa muda mrefu bila kuchacha. Na wateja wakaamua kwamba mweupe ndio wa kistaarabu. Vinu vya mawe vilibaki kusaga chakula cha ng'ombe. Kile cha bahari cha Woodbridge, Suffolk, kilivumilia mpaka mwaka 1957, ulipovunjika mhimili wake wa mwaloni. Kwetu nako magurudumu hayo yalifika: katika Kenya ya miaka ya 1930, wakulima wa Nyanza na Kenya ya Kati walimiliki vinu vya maji vya kusagia mahindi, kabla ya injini ya dizeli kuvifukuza.

Ukipata nafasi ya kuingia kinu kinachofanya kazi, kwa kuwa vipo vilivyofufuliwa, usianzie mlangoni. Tembea kwanza kando ya mto, kuelekea maji yanakotoka, hadi uone yanapoacha njia yake ya asili. Rudi nayo mpaka kwenye gurudumu. Kisha ingia, panda hadi juu kabisa, na ushuke na nafaka. Ghorofa ya mwisho utakuta mdomo wa mbao unaomimina unga guniani, na huenda mwenye kinu amesimama hapo, kiganja chini ya mdomo, anausugua unga kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Ukiwa na joto, mawe yamekaribiana mno. Ukiwa na chengachenga, yameachana. Mwombe nawe ukinge mkono. Ataunusa wake, atanyamaza kidogo, kisha atainua mkono hadi kwenye skrubu iliyo chini ya boriti na kuizungusha robo tu, na juu ya vichwa vyenu tani moja ya jiwe itapanda kwa unene wa karatasi.